Siku Jiko la Varsha Lilipopumzika

Pritesh anauza magodoro mtaa wa Nechells, huku ughaibuni, lakini ukimsikia akiongea utadhani ni profesa aliyestaafu jana. Dini yake yote ya Kihindu ameigeuza maabara. Ole wako umuulize kwa nini watu wake wanafunga. Atakueleza mpaka chai ipoe, kisha akueleze kwa nini chai imepoa. Nimemjulia nyumbani kwake Harborne, ninakokwenda kila asubuhi kumhudumia mama yake. Mama huyo sote tunamwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama. Ni mzaliwa wa Kisumu. Magoti yamemgomea, lakini ulimi, haki, bado mzima.

Agosti ikifika na mwezi wao mtukufu wa Shravan ukaingia, Pritesh hushikwa na homa ya maelezo.

"Angeline, unajua kwa nini mwezi huu hatuli mboga za majani? Ni msimu wa mvua! Majani yanajaa wadudu, na tumbo linakuwa dhaifu kwa kukosa jua. Wazee wetu walikuwa wanasayansi!"

Nikachungulia dirishani. Jua lilikuwa linawaka, jirani amekaa nje bila shati, mwekundu kama nyanya.

"Mvua gani, Pritesh-bhai?"

"Ya Gujarat," akanijibu bila haya.

Ati tumbo liko Harborne, mvua iko Gujarat, na kinachoogopwa ni spinachi ya supamaketi iliyooshwa na kufungwa kwa plastiki. Na huko kufunga kwenyewe! Anaacha wali na chapati, anakula muhogo, viazi, njugu na maziwa. Kwetu Ugunja ukila hivyo unaambiwa umeshiba, shika jembe. Bwana huyu kila Shravan hunenepa.

Katika mwezi huo wote kuna siku moja tu ambayo mke wake, Varsha, huingojea kwa hamu. Inaitwa Shitala Satam. Jana yake vyakula vyote vinapikwa, jiko linasafishwa, linatiwa alama nyekundu na ua, na kesho yake moto hauwashwi kutwa nzima. Watu wanakula baridi. Varsha ni muuguzi, na mwaka huu aliomba ruhusa kazini siku mbili. Ya kwanza aliimaliza akiwa wima, akikanda na kukaanga mpaka miguu ikavimba. Asubuhi ya Satam nikamkuta ngazini, blanketi begani, anacheka peke yake.

"Dada, leo nalala," akaniambia. "Leo nalala mpaka nichoke kulala."

Hakufika hata nusu ya ngazi.

"Varsha!" Pritesh akaita. "Wanakamati wa chama chetu wanakuja saa sita kusikiliza hotuba yangu. Ukumbi wetu unapakwa rangi. Chai tu, na vibhajia vya moto kidogo."

"Leo ni Satam."

"Najua ni Satam! Hotuba yenyewe ni ya Satam! Tumia maikrowevu. Ile si moto, ni mawimbi. Na birika ni la umeme."

"Na bhajia je?" nikadakia. "Nazo zinakaangwa kwa mawimbi?"

Akaniambia nishughulike na kazi yangu. Varsha akalitundika blanketi kwenye ngazi, akashuka, akaanza kutafuta unga wa dengu. Ningekuwa mimi, mtaa mzima ungesikia.

Ba akanivuta mkono. "Nisukume jikoni."

Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka mbele ya jiko, magoti yake karibu yaguse mlango wa oveni.

"Funga breki."

Nikafunga. Akamgeukia Varsha. "Nenda ukalale, mwanangu." Varsha akatutazama, machozi yakamlengalenga, akachukua blanketi lake na kupanda.

Wageni wakaja, wazee wa Kihindi waliohamia huku kutoka Nairobi, Kisumu na Kampala, pamoja na Mzee Kewal, Singasinga mmoja anayependa chai kuliko nafsi yake. Sebule na jiko la nyumba ile ni chumba kimoja, kwa hiyo Ba alikuwa anasikia kila kitu.

"Zamani," Pritesh akaanza, "msimu wa mvua kuni zilikuwa mbichi. Moshi uliumiza macho. Jiko la udongo lilihitaji siku ya kuzibwa nyufa na kukauka. Ndiyo maana likapumzishwa!"

Makofi. Ndipo akageuka na kuita, "Varsha! Chai!"

"Amelala," akasema Ba.

"Amelala? Wageni wamekaa!"

"Jiko la mkeo lina udongo?" Ba aliuliza kwa Kiswahili, makusudi, ili nami niwe shahidi. "Lina moshi?"

"Hapana, lakini…"

"Sasa nisikilize. Niliolewa nyumba ya watu kumi na tisa. Nilipika tangu alfajiri. Mwanamke angesema amechoka, wangemwita mvivu. Lakini Shitala ni mungu wa ndui. Tukasema ukiwasha moto siku yake, atakasirika. Nani atabishana na ndui? Hata baba yako, na ujeuri wake wote, alikula baridi akanyamaza. Mimi namheshimu mungu huyo, msidhani namfanyia mzaha. Ndiye peke yake aliyewahi kunipa likizo."

Mzee Kewal akaitazama miguu yake. Pritesh, yule asiye na haya, akatoa kalamu. "Safi sana, Ba! Afya ya akili! Nitaiongeza kwenye hotuba."

Wakala vyakula vya baridi alivyopika Varsha, wakavisifu mpaka sahani zikabaki tupu, zote zinateleza kwa mafuta. Pritesh akaangalia ule mlima wa vyombo, akaelekea ngazini.

"Unaenda wapi?" akauliza Ba.

"Kumwamsha. Vyombo…"

"Kilichokatazwa ni moto, Pritesh. Maji hayajakatazwa."

Hakuna mgeni aliyemtetea. Akakunja mikono ya shati na kufungua bomba lenye alama nyekundu, la maji ya moto.

"La baridi," Ba akamwambia. "Boila inayochemsha maji ina moto ndani."

Akasugua. Mafuta yakahama kutoka sahani hadi vidoleni, kutoka vidoleni hadi kwenye saa yake.

"Ba, hayatoki!"

"Wewe si mwanasayansi?" Ba akasema. "Sugua. Na usigongeshe sahani hizo, mkeo amelala."