Kitambaa Chekundu Shingoni mwa Mbwa

Rangi niliichagua mwenyewe. Naanza na hilo ili msinitafutie udhuru, maana nimewasikia wenzangu niliosoma nao mifugo wakisema miaka ile ilikuwa migumu, serikali inajitoa kwenye kila kitu, dawa za bure zimekwisha, wafanyakazi wanapunguzwa, bwana mifugo afanye nini. Yote kweli. Lakini si serikali iliyochagua nyekundu.

Nilikuwa na baiskeli, kisanduku cha dawa ambacho nusu yake nilijinunulia, na vijiji kuanzia Kibiti hadi njia ya Mloka. Ng'ombe huko walikuwa wa kuhesabu. Walionihitaji hasa ni mbwa, na mbwa Rufiji hana wa kumsemea. Uani haruhusiwi. Anaishi shambani, chini ya dungu, kile kibanda cha juu ya miti ambamo watu huamia mpunga usiliwe na ndege mchana na nguruwe usiku. Mavuno yakiisha mwenye shamba anarudi kijijini, mbwa anabaki bondeni, ale panya, ale mizoga, akifa amekufa.

Huyu ninayemkumbuka alikuwa wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika. Mwenyewe alikuwa ameacha jembe akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba, kama vijana wengi wakati ule, na hakumkabidhi kwa mtu. Mbwa akahamia dungu la jirani, la bibi mmoja mjane aliyekuwa akiamia peke yake. Bibi akawa anamwekea ukoko kwenye kifuu. Nguruwe wakaja, mbwa akawakabili, na mmoja akampasua tumbo.

Nilipofika, bibi alikuwa amemfunika kwa jani la mgomba asiingiwe na nzi. Utumbo ulikuwa nje. Ganzi sikuwa nayo. Nilimfunga mdomo kwa kamba, nikausafisha utumbo kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, nikaurudisha ndani, nikashona. Bibi alimshika miguu ya nyuma muda wote, akimnong'oneza Kindengereko. Mbwa alilia kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Nilipomaliza, bibi alichukua kopo akanimiminia maji mikononi mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama sheria ya dini inavyomtaka aliyepatwa na mate ya mbwa. Alihesabu kwa sauti.

"Ni wako, bibi?" nilimuuliza.

"Si wangu, baba. Yupo tu. Ila huyu akiondoka, mie sivuni. Nguruwe wa huku kelele za debe langu wameshazizoea."

Alipona. Hadi leo siamini, lakini alipona.

Kisha mtu mmoja wa kijiji kile aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, akafa akiogopa maji. Mkutano ukaitishwa na kila aliyesimama alitaka mbwa wote wauawe. Nilibishana nao mpaka koo likakauka. Tukaafikiana: nitawachanja wote nitakaowapata, nitawafunga kitambaa shingoni, na baada ya wiki moja mwindaji wa kijiji atapita na gobore lake amuue kila asiye na kitambaa. Nilitoka pale kifua mbele. Nikanunua gauni jekundu la mitumba, nikalichana vipande, nikapita dungu kwa dungu. Nilitaka rangi ambayo mwindaji ataiona toka mbali.

Waliokuwa wakiamia hawakuwapo mkutanoni, na wengi sikuwakuta hata madunguni. Ningeweza kuwasubiri. Lakini barafu ilikuwa inayeyuka ndani ya chupa ya kuhifadhia chanjo, nikaona kueleza kutakuja baadaye. Bibi alikuwa ameenda kuteka maji. Yule wa majivu alinilamba mkono wakati namfunga.

Siku ya kuua, milio ya gobore niliisikia tangu nikiwa barabarani. Ilikuwa mingi mno. Nilipofika bondeni nilimkuta mmoja niliyemchanja, halafu wa pili, halafu yule wa majivu, amelala ubavu kwenye jaruba, kovu la mshono wangu linaonekana tumboni, bado jekundu.

"Huyu nimemchanja!" nilimfokea mwindaji. "Mshono huuoni?"

"Nimeambiwa nitazame shingo, bwana mifugo," alijibu bila hasira. "Shingoni hamna kitu. Karibu wote hawana."

Bibi akashuka dunguni, mkononi ana kipande cha gauni, kimefuliwa, kimekunjwa.

"Chako hichi? Sikukitupa."

"Ulikifungua kwa nini, bibi?"

"Nimekuta mnyama kafungwa nyekundu, aliyemfunga simjui. Kwetu kuku akifungwa nyekundu akaachiwa porini, kabebeshwa maradhi ya mtu. Nikasema huyu kashaumia, inatosha, asibebeshwe na ya watu. Nikamvua."

Na wenzake madunguni waliona vilevile, wakavua vilevile, kila mmoja kwa huruma yake. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi mwenyewe mtoto wa pwani! Mama yangu alipougua, mganga alimfunga kuku kitambaa chekundu mbele ya macho yangu, akaachiwa vichakani, nikaonywa nisimguse. Nililijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Nilikwenda chuo, nikarudi na sindano, nikaona ya nyumbani hayana kazi tena. Nilijichukia siku ile, na sijaacha kabisa.

Mpunga wa bibi nguruwe waliumaliza wiki ile ile. Alirudi kijijini na kapu moja, lisilojaa. Hayo niliyasikia baadaye, kwa watu, kwa sababu sikuwa na uso wa kwenda kuyaona.

Siku yenyewe nilichimba shimo pembeni mwa jaruba, nikamzika yule wa majivu. Bibi alisimama akitazama. Nilipomaliza nilinyoosha mikono mbele yake, kwa mazoea, nikingoja animiminie. Alilijaza kopo maji, akaliweka chini karibu na miguu yangu, akachukua debe lake akapanda dunguni.

Nilinawa mwenyewe. Nilihesabu hadi saba.