Maji Yapi Yalishika

Kijijini kwetu, bara kidogo kutoka Mtama, palikuwa na kijito kimoja na mbingu mbili. Upande wa mashariki walikaa mapadri wa Kiingereza, waliotangulia kufika. Upande wa magharibi wakaja mapadri wa Kidachi, ndio Wajerumani, na kwa kuwa nchi sasa ilikuwa ya Wadachi, waliingia kama mtu anayerudi kwake. Kijito chenyewe kila kiangazi kilikauka, ukakivuka bila kulowa kifundo cha mguu. Lakini ukiwasikia mapadri wakikieleza, ungedhani ni bahari.

Mimi nilizaliwa upande wa Kidachi. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanitilia shaka. Nimewacheka wote, na wote nimewacheka kwa kipimo kimoja.

Hadi leo sijampata wa kunieleza tofauti yao nikaridhika. Wote walivaa kanzu ndefu kwenye jua kali. Wote walifuga ndevu. Wote waliwasha mishumaa mchana kweupe na kufukiza ubani mpaka wazee wetu wakauliza ni pepo gani anayepungwa humo ndani. Wadachi walisema wana Baba Mtakatifu anayekaa Rumi. Waingereza walisema huyo hawahusu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa Mwislamu mwenye utani mwingi, na siku moja akamwuliza mwalimu wetu wa dini kama yeye au padri yeyote kijijini amewahi kumwona huyo wa Rumi. Mwalimu akasema bado. Mjomba akasema, "Basi mngojeni aje mumwone kwanza, ndipo mgombane."

Kugombana kwenyewe kulianza na kengele. Waingereza wakipiga ya asubuhi, Wadachi siku ya pili wanatangulia kupiga yao. Waingereza nao wanawahi zaidi. Ikafika mahali tunaamshwa kumsifu Mungu wakati majogoo bado wamelala fofofo, na wanawake wetu wa kijiji, Wakristo na Waislamu, walikuwa na neno moja tu juu ya kengele hizo, ambalo siliandiki hapa.

Haya yangekuwa mchezo tu kama yasingemwingilia mama yangu.

Mama alibatizwa na Waingereza akiwa bado msichana mwenye mtoto wa kwanza mgongoni, na mtoto akabatizwa naye siku ileile. Alikuwa dada yangu, ambaye sikumwona. Homa ilimchukua kabla hajaweza kutembea vizuri, wakamzika kwenye makaburi ya Waingereza, kando ya ua. Baadaye baba, aliyekuwa seremala, akapata kazi kwa Wadachi waliokuwa wakijenga kanisa. Wadachi walimtaka fundi, na walimtaka na nyumba yake yote. Padri wao akamwita mama abatizwe. Mama akasema ameshabatizwa. Padri akatikisa kichwa kwa huruma, akasema ni kwa usalama tu, akachota maji, akamwambia: "Kama hujabatizwa, mimi nakubatiza." Akammwagia.

Mama alirudi nyumbani na kichwa kimelowa, akakaa kizingitini. Baba akamwuliza ana nini.

"Amesema *kama*," mama akajibu. "Kama yale ya kwanza hayakushika, mimi leo nimepata mengine. Mtoto wangu atapata wapi mengine?"

Baba akamwambia asianze maneno, kazi ni nzuri. Ila mama alikuwa ameshaanza. Alimfuata padri wa Kidachi akamwuliza mwanawe yuko wapi. Padri akafikiri sana, akasema, "Hilo tumwachie Mungu." Mama akavuka kijito kumwuliza yule wa Kiingereza. Huyo hakufikiri hata kidogo. Akasema maji ya kwao yalishika barabara na mtoto yuko kwa Mungu anaimba, ila yeye mama ndiye aliyejitoa kwa kwenda kumwagiwa mara ya pili, na akifa hivyo hivyo asije akalaumu mtu.

Mama akarudi akayapanga hayo mbele ya baba kama mtu anayepepeta mchele. Kwa Wadachi yeye anapita, mtoto hajulikani. Kwa Waingereza mtoto amepita, yeye amefungiwa nje. Hakuna padri hata mmoja aliyewaweka wote wawili mahali pamoja. Na yeye hakuwa akitafuta mbingu iliyo bora. Alikuwa akiitafuta ile yenye mtoto wake.

Aliyarudia hayo mpaka nami nikawa msichana mkubwa wa kutosha kukasirika, na nilikasirika. Mama hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini miaka ile nilimkuta mara nyingi ameacha kutwanga, mchi mkononi, anatazama ng'ambo.

Kisha zikaja habari za dawa kutoka bara ya Kilwa. Mjumbe akapita kwa siri na chungu chake cha maji, akawaambia watu kwamba atakayenyunyiziwa, risasi ya Mdachi haitamwingia. Wengi walimwamini, na sikuwalaumu: walikuwa wamechoka na pamba ya serikali na viboko vya akida. Mama alipofikiwa alisema, "Mimi nimetiwa maji mara mbili na bado sijui yapi yalishika. Ya tatu sina pa kuyaweka." Mjumbe akamwangalia kama mtu mwenye wazimu, akaenda nyumba ya pili.

Vita vilipofika kwetu, wapiganaji walichoma misheni zote mbili alasiri moja. Hawakuuliza nani anamtambua huyo wa Rumi na nani hamtambui. Walianza na iliyokuwa karibu, wakavuka kijito, wakamaliza na ya pili. Tangu niijue dini, hao ndio watu wa kwanza niliowaona wanatuhesabu Wakristo wote kuwa kitu kimoja.

Tukakimbilia Lindi, Waingereza na Wadachi wa kijiji kimoja, njia moja, hofu moja. Bomani kulijaa. Mjane mmoja wa Kiislamu, mwenye biashara ya ng'onda, samaki waliokaushwa, kutoka Sudi, akatufungulia ua wake, na mapadri wetu wawili, mmoja wa kila upande, akawapa chumba cha mbele wangojee meli. Uani tulipika chungu kimoja. Tulipoimba jioni tuligundua kwamba nyimbo zetu nyingi ni zilezile, tukacheka wenyewe.

Chumba cha mbele hakikuwa na kicheko. Kulikuwa na meza moja, ambayo mjane alikatia samaki, na kila padri aliitaka iwe altare yake. Yule aliyewahi aliisugua, akaibariki, akasali. Wa pili aliingia akaisugua upya, akaibariki upya, kana kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa akikatia samaki. Mjane alinong'ona uani, "Tangu niolewe sijapata wageni wasafi kama hawa. Meza yangu inaoshwa mara mbili kabla sijaamka."

Mama akaona hapo ndipo. Hawakuwa tena na kijito katikati. Asubuhi moja wakiwa wote wawili barazani, alipiga goti mbele yao, nami nyuma yake.

"Baba zangu," akasema, "mko wawili hapa, nawaombeni mnijibu kwa kinywa kimoja. Nikifa, nitamkuta mwanangu au sitamkuta?"

Mdachi akaanza kujibu. Mwingereza akamkatiza kumsahihisha. Mdachi akamsahihisha naye huyo. Wakaiacha lugha yetu, wakaingia katika Kilatini, kisha kila mmoja katika lugha ya kwao, vidole juu, ndevu zinatikisika, na mama bado yuko chini amepiga goti. Hawakumwona alipoinuka. Sidhani walijua kwamba aliondoka.

Mjane alikuwa mlangoni na kapu lake. Akamshika mama mkono, akamketisha jikoni. "Dada," akamwambia, "sisi tunafundishwa kwamba mtoto mdogo hana dhambi. Humngoja mamake mlangoni, akamshika nguo, akaingia naye." Mama akalia mpaka kitambaa chake kikalowa. Hakubadili dini. Ila tangu siku ile nilimwona anatwanga mpaka mwisho.

Tuliporudi bara, hapakuwa na kitu. Baba alikuwa amechukuliwa na askari wa serikali kubeba mizigo ya vita, na hakurudi. Chakula ambacho wapiganaji hawakukila, serikali ilikichoma. Tukala ming'oko tuliyoichimba porini, na ilipokwisha tukala tusivyovijua majina. Mama alikufa katika njaa ile. Alikuwa ameomba jambo moja tu, alazwe kando ya mtoto. Kwetu maziko ya mwanamke ni shauri la kaka yake, kwa hiyo mjomba na wanawake wa pande zote mbili wakachimba kaburi pale, kando ya ua uliokuwa umeungua, tukamlaza. Hapakuwa na padri hata mmoja. Ndiyo heri pekee niliyoiona katika vita vile.

Mapadri wale wawili waliporejea kutoka pwani walikuta jambo la kuwasumbua: kaburi la mtu wa Wadachi ndani ya makaburi ya Waingereza. Nikangoja kengele, nikangoja vidole na ndevu. Badala yake wakakutana makaburini kwa utulivu, wakapima kwa miguu, wakaongea kwa upole, wakapeana mikono. Mwingereza alisema hana moyo wa kumfukua mama. Mdachi alimshukuru kwa utu wake. Wakakubaliana kwamba ua mpya wa minyaa, ukifika pale, uingie ndani kidogo kwa kona, upite katikati ya makaburi yale mawili, kisha uendelee njia yake. Mtoto abaki ndani, mama awe nje. Mdachi akachomeka msalaba wake upande wa mama. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikisikia Wakristo wataungana, na siku ile nikawaona wameungana.

Minyaa iliposhika nilikwenda na kitambaa, kwa sababu utomvu wake unaunguza, nikaing'oa pale kwenye kona. Wakapanda tena. Nikang'oa tena. Mara ya tatu walinikuta, wote wawili, wamekuja bega kwa bega. Mwingereza aliniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyenituma. Mdachi alinikumbusha kwamba mimi ni mtoto wake kwa ubatizo, na kwamba ninamwaibisha mbele ya jirani yake.

"Baba zangu," nikawaambia, "mama aliwapigia goti kule Lindi akawauliza swali, hamkumjibu. Sasa mmemjibu."

Mdachi akafungua kinywa, akamtazama mwenzake ili amsaidie, na mwenzake alikuwa anatazama kaburi dogo. Nikainama, nikaufunga mche uliofuata kwa kitambaa, nikavuta.