Baiskeli Isiyo na Keria

Juzi nilikuwa kwa fundi wa baiskeli pale Gatitu, mama mmoja akafika akisukuma baiskeli yake na kumwambia fundi aondoe keria ya nyuma ya kubebea mizigo.

"Kwani iko na shida gani?" fundi akauliza.

"Haina shida. Toa tu."

"Sasa utabeba nini?"

"Mimi mwenyewe."

Wanaume waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Ati ujibebe! Bwana yako anajua?"

"Ako na baiskeli yake," mama akajibu, kisha akamgeukia fundi. "Ile barabara inayopita kwenye majani chai huko Tetu haina magari mengi. Jumapili nataka kuendesha mpaka juu, nione mlima. Lakini watu wakiona keria wananisimamisha: nibebee gunia, nipelekee maziwa. Nitakataa aje na ni majirani? Kila mara naishia njiani."

Fundi alijaribu mara moja tu, akatikisa kichwa. "Nati imeshika kutu, mama. Tuache."

Mama alimnyang'anya spana, akapiga goti na kuisukuma kwa mikono miwili hadi nati ikalia na kuachia.

"Jumatatu utairudisha," akasema. "Ng'ombe za majirani bado zitakamuliwa, na maziwa lazima yabebwe."

Tangu nilipoacha shule kwa kukosa karo, keria yangu imebeba maziwa, nyasi na hata kuku wa jirani, nami sijawahi kufika mwisho wa barabara hiyo ya majani chai. Jumapili hii mkiniona Tetu, msinisimamishe. Nitawapungia mkono tu.