Pilipili Mkononi

Watu wa Matisi, hapa Kitale, wakipita nyuma ya nyumba yangu husifu pilipili zangu. "Una mkono mzuri," wananiambia. Mkono gani! Pilipili hizi nilizipanda kwa hasira, nikazimwagilia kwa hasira, na mpaka leo sijaona sababu ya kumwomba mtu msamaha.

Mbegu zilitoka Bungoma, kwa mama. Alikuwa na vichaka vya pilipili kichaa nyuma ya jikoni, karibu na pale alipomwaga majivu, na hakuna mgeni aliyekula kuku kwake bila pilipili hizo. Ndogo, nyekundu, zimesimama zikitazama juu, hazina adabu. Mama alikuwa mkarimu wa kila kitu, lakini pilipili hakumpa mtu mkononi. Ng'o! Aliiweka juu ya kifuniko cha sufuria, au kando ya kinu, au hata chini, ndipo wewe uiokote. Kwetu mkipeana pilipili mkono kwa mkono mtakosana, na si ule ugomvi wa leo kesho mmecheka. Hata mimi, mwanawe wa kumzaa, hakuwahi kunipa mkononi.

Kaka yangu alipooa, mkewe alinyoosha mkono jikoni apokee pilipili. Mama akacheka, akazitia kwenye kifuniko. "Okota mwenyewe, mwanangu," akamwambia. "Wewe nataka tukae na wewe." Nilikuwa hapo hapo nikichambua mboga. Nakumbuka wifi yangu alivyoziokota moja moja, kwa heshima zote.

Basi mama akafa. Tulimzika, nikarudi Kitale kwa mume wangu, na mvua zilipoanza nikaenda nyumbani kuwaona kaka na mkewe. Hata mlangoni sikufika. Nyuma ya jikoni palikuwa na matuta ya vitunguu, yamenyooka, mazuri. Vichaka vya mama vilikuwa vimeng'olewa na mizizi yake, vimetupwa juu ya rundo la mabua ya mahindi vikingoja moto.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi," wifi akasema, hana hata wasiwasi. "Hiyo piripiri ilikuwa imezeeka, bana. Inakula nafasi bure."

"Si ungeniuliza?"

"Nikuulize wewe umeolewa Kitale?" Akawageukia majirani waliokuwa wamekuja kunisalimia. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Wakacheka. Hata yule ambaye mama alimlelea watoto akacheka. Kaka yangu alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Nilipanda juu ya lile rundo na nguo yangu ya kanisani, nikaanza kuchuma pilipili zilizokuwa zimekaukia kwenye matawi. Wifi akaniambia ati niache kujiaibisha. Nilizopata nikazifunga kwenye pindo la leso. Njiani nikapangusa machozi kwa mkono uleule, na hapo ndipo nilipolia kwelikweli. Woi! Macho yaliniwaka mpaka Kitale, na kila yalipowaka nilikuwa naapa kimoyomoyo: utazitafuta hizi, na utakuja kuzitafuta kwangu.

Lakini Kitale si Bungoma. Kuna baridi. Nilisia nusu ya mbegu kwenye mkebe, nikauweka dirishani, nikamwaga maji kana kwamba ni sukuma wiki. Zikaoza zote. Jirani yangu, mama Mwislamu anayekaanga viazi karai karibu na msikiti, alinikuta nimeuinamia ule mkebe nikitukana. Akaniuliza nani kanikosea. Nikamweleza yote.

"Basi usiziue wewe kwa maji," akasema, "na yeye alishindwa kuzimaliza kwa jembe."

Nikakumbuka mama alivyokuwa akitundika mbegu zake juu ya moto. Pilipili inataka joto. Zilizobaki nikazisia upya, mkebe nikauweka kwenye rafu kando ya jiko, na maji nikawa nanyunyiza kwa vidole tu. Kila nikiwasha makaa nilichungulia. Kila nikichungulia, hakuna kitu. Kama hizo nazo zingekataa, basi pilipili ya mama imekwisha duniani, na aliyeimaliza angelala usingizi wake mzuri. Hilo ndilo lililonichoma, si lingine.

Zikaota. Miche michache tu, imeinamisha shingo. Nilipiga kelele mume wangu akadhani nimeungua.

Ilipopata majani ya kutosha nikaihamishia nje, nikaizungushia miiba kwa sababu ya kuku. Mvua ya mawe ilipokuja niliifunika kwa mabeseni, mimi mwenyewe nikilowa. "Kueni," niliiambia. "Kueni muwe wakali."

Kaka alikuja Kitale kununua mbegu za mahindi. Nikampikia kuku, na pilipili za kwanza kuiva nikaziweka juu ya kifuniko. Alitafuna moja. Jasho likamtoka, na machozi nayo.

"Ni kali," akasema.

"Najua."

Hakuuliza zimetoka wapi. Alikula mpaka kifuniko kikabaki kitupu.

Ikafika kumbukumbu ya mama. Ukoo mzima na watu wa kanisa walialikwa nyumbani, na wa kuwapikia ni wifi. Akina mama wa kanisa wakamwambia mapema kwamba kuku wa pale wanaliwa na pilipili ya marehemu mwenyewe, si ndio? Akajaribu za sokoni. Kaka akasukuma sahani, akamuuliza mbele yao pilipili ya mama iko wapi.

Mara wifi huyo, mlangoni kwangu, amebeba ndizi. "Mulamwa wangu," akaniita, kwa lile jina tamu tunaloitana mawifi. "Umepotea sana!"

"Sijapotea. Niko hapa nilipoolewa."

Akaomba pilipili za wageni, na mche, japo mmoja.

Nilimpeleka nyuma. Vichaka vilikuwa vimejaa, vyekundu kabisa. Nikachuma polepole, yeye akingoja. Akawa anatazama huku na huku nitaziweka wapi, akaona kifuniko cha ndoo ukutani, akanisogezea yeye mwenyewe. Kumbe hajasahau. Nikakisukuma kando kwa mguu. Nikamshika mkono, nikafungua kiganja chake, nikazimimina zote humo, kisha nikavifunga vidole vyake kimoja kimoja.

Uso wake ulibadilika. "Mulamwa," akasema kwa sauti ndogo, "si ungeweka chini?"

"Mama ndiye aliyeweka chini. Mama ndiye aliyetaka kukaa na wewe."

Angeweza kuzitupa. Haki ya Mungu nilitamani azitupe. Lakini kule nyumbani kuku walikuwa wameshakamatwa, na wazee wa kanisa walikuwa njiani. Akasimama tu amefumba ngumi. Mche sikumpa. Ndizi nilizipokea, tena nikamshukuru.

Akaondoka amefumba mkono vilevile hadi barabarani, hakuthubutu kuzitia kwenye mkoba mimi nikimtazama. Nami nikaingia ndani kunawa mikono, kwa sabuni na maji mengi, huku nikiimba.