Dawa ya Pua ya Mke Mwenzangu

Mvua ikishakatika Garissa, miti ya mathenge huchanua, na mimi huanza kufa kidogo kidogo. Macho yanawasha, pua inamwaga maji, kifua kinabana, na darasani nafundisha Kiswahili kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua. Wanafunzi huniigiza, wenyewe wakidhani sisikii.

Haya yote ningeyavumilia kama si uunsi. Uunsi ni ubani wetu, unaopikwa kwa sukari na manukato, na mke wa Kisomali huufukiza chumbani jioni mumewe anapotarajiwa. Nyumba isiyonukia uunsi watu huisema. Na mume wangu alikuwa ameoa mke wa pili, fundi wa kushona, mdogo kwangu kwa miaka tisa. Zamu zetu zilikuwa siku mbili mbili. Kila aliporudi kwangu nilichukua shati lake nikalinusa kabla ya kulitia kwenye beseni. Lilinukia uunsi. Wallahi, nilikuwa naungua. Nikasema, huyu msichana hatanishinda kwa moshi!

Basi siku za zamu yangu nikawa nameza vidonge viwili vidogo vya njano, vile vya bei ya chini vinavyolaza, kisha nawasha makaa na kuzidisha ule uunsi niliozoea kufukiza, nyumba nzima mpaka mapazia. Chafya zilinyamaza kweli. Lakini mwanamume akifika baada ya magharibi ananikuta nimelala kwenye mkeka, mdomo wazi, na binti yangu mkubwa ndiye anayempakulia chakula. Zamu tatu mfululizo. Ya nne alikula harakaharaka, akasema anaenda kuongea na wenzake msikitini. Nikaona wazi kwamba nikiendelea hivi nitampoteza. Atakuwa anakuja kwangu kama mgeni wa gesti, kulala na kuondoka.

Nikaenda duka la dawa kuulizia ile ya kupuliza puani, isiyolaza. Mimi ni mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, bima sina, na bei ya kile kichupa ilikuwa nyama ya nyumba yangu ya wiki mbili. Nilikuwa nimesharudisha mkoba kwapani muuzaji aliponiambia kwa upole, "Lakini mwalimu, si mzee alikuchukulia kimoja juzi? Kimeisha tayari?"

Nikajibu ndiyo, kimeisha. Mimi kichupa hicho sikuwahi kukiona.

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja sokoni, duka la mume wangu anakouza mashuka na mazulia, nikamkuta peke yake akikunja bidhaa.

"Uliapa haki sawa," nilimwambia. "Sukari sawa, nguo sawa, siku sawa. Dawa je?"

"Dawa gani?"

"Ya pua! Ya kipenzi chako!"

Aliweka shuka chini. Akaniambia mke mdogo naye hayawezi maua ya mathenge, kifua humbana mpaka anakosa usingizi, na alipomsikia akikohoa usiku alikwenda kumnunulia bila kuombwa. Tangu maua yaanze hajafukiza uunsi hata siku moja. Tena yeye mume akifika kule lazima avue shati mlangoni, kwa sababu linanuka moshi wa kwangu.

Kumbe! Msimu mzima najinusa mwenyewe na kujionea wivu! Ingekuwa habari ya mtu mwingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Na mimi macho yangu huyaoni?" nikamuuliza. "Yamevimba mwezi mzima."

"Nilidhani unalia," alisema bila kuniangalia. "Nilidhani ni mambo ya yule, nikaogopa kuuliza. Mbona hukuniambia unaumwa?"

Ningemwambiaje? Miaka kumi na mitatu nimezaa, nimepika, nimefundisha, na kila akiniuliza hali nasema alhamdulillahi, hata nikiwa na homa. Nilidhani ndivyo mke mkubwa anavyotakiwa kuwa. Yule ana mwaka mmoja tu kwenye ndoa na haoni haya kukohoa mbele yake.

Kabla ya adhuhuri alifunga duka, akaenda, akarudi na kichupa kipya kama kile cha mwenzangu, boksi la aina ileile. Alinikabidhi mbele ya jirani yake wa duka ili haki ionekane. Jioni ile nilipuliza puani kama nilivyoelekezwa, na baada ya siku chache nikawa napumua kama watu. Akifika ananikuta macho, nampakulia mwenyewe, tunaongea habari za watoto na za soko.

Mungu amlipe. Lakini sitadanganya, wivu haukuniachia, na mpaka leo nikikishika kile kichupa unanipanda upya. Changu alikinunua kwa sababu nilimdai. Cha yule alikinunua kwa sababu alimsikia akikohoa.