Mzee Niliyemuua kwa Mshumaa

Afadhali niseme mwenyewe kabla majirani hawajawaambia. Siku sinema ilipoletwa kwenye shamba la mzungu wetu nje ya Eldoret, tulifunika madirisha ya stoo ya ngano kwa blanketi, nami karani nikasimama kando ya kitambaa kuwaeleza watu. Wiki nzima nilikuwa nimejisifu kwamba sinema husema kwa ishara, na ishara zote nazijua.

Mzee mmoja kwenye picha akalala kitandani. Upepo ukazima mshumaa wake, kitambaa kikawa giza tupu.

"Mshumaa ukizimika, mwenyewe amekufa," nikatangaza kwa sauti ya mchungaji.

Wanaume wakavua kofia. Mama Nekesa, anayetupikia uji shambani, akaangua kilio. Nikaona heshima yangu imepanda, basi nikafumba macho na kuanzisha wimbo wa mazishi. Stoo nzima ikaitikia.

Ubeti wa pili nikajikuta naimba peke yangu. Nilipofumbua macho, kwenye kitambaa kulikuwa kumekucha, na Mama Nekesa alikuwa ananitazama huku akipangusa machozi.

"Karani," akasema, "marehemu wako anakamua ng'ombe."