Mama Ila

Kuna lugha ambazo ukimuuliza mtu hali yake, anakupa hali yake. Nimewahi kufikia kwa watu ambao salamu tu ya asubuhi iliniletea habari za jino, za mgongo na za ugomvi na shemeji, nami bado sijashusha begi. Kiswahili hakina haraka hiyo. Kwetu jibu ni "nzuri", hata kama usiku upepo umeondoka na bati. Mtu akishameza mate ndipo inakuja "ila".

Neno hilo dogo limempa mama mmoja jina la kazini. Ni mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na zamani alikuwa mpokea simu wa hospitali. Huko ndiko alikojifunza kuisubiri. "Mtu anapiga, namuuliza habari, ananiambia salama kabisa," alinisimulia. "Ningekata hapo, nisingejua kwamba baba yake kaanguka bafuni."

Siku hizi anafanya kazi kwenye utafiti wa dawa ya mapafu, dawa ya kuvuta kwa mdomo. Wenzake wanapima damu, na kuna mashine ambayo mgonjwa anaipuliza ikaandika nguvu ya pumzi yake. Lakini mashine haijui kama mtu anaziogopa ngazi, au kama ameacha kwenda msibani kwa sababu ya mwendo. Hayo anayauliza Mama Ila. Wenyewe wanaita kupima ubora wa maisha. Mumewe anaita umbea wenye mshahara. "Nikisema mboga ni tamu," mume huyo alinilalamikia, "ananikazia macho mpaka niseme ila chumvi."

Mimi niliitwa kusikiliza kama maswali, yaliyotafsiriwa mbali, yanasikika kama ya watu. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mashuka na bado kilinuka sabuni. Feni ilikuwa na panga moja lililopinda, ikizunguka inachechemea. Sheria ya kazi ilikuwa ngumu: swali linasomwa lilivyoandikwa, neno kwa neno. Kulifafanua ni marufuku, na kumsaidia mgonjwa jibu ndiyo kabisa. Ruhusa ni moja tu, kulirudia lilivyo.

Siku ya mwisho ya kuandikisha wagonjwa alikuja kinyozi mmoja, mzee mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na mkewe nyuma yake. Mashine ya pumzi ilikuwa imeshamkubali. Kilichobaki ni maswali. Waliokuwa wakiingizwa ni wale tu ambao ugonjwa umewavurugia maisha. Anayejibu kwamba hana shida anashukuriwa na kurudishwa nyumbani. Wote wawili walikuwa wameelezwa hivyo, na mkewe alishika mkoba wake kama mtu anayesubiri hukumu.

"Mama, utatusubiri nje kidogo," Mama Ila alimwambia. "Majibu yanatakiwa yawe yake."

"Yake?" mke alisema. "Huyu hata nyumba ikiungua atasema kuna joto kidogo."

"Nenda, mama watoto," mzee alisema. "Mimi si bubu."

Mke akatoka, lakini benchi la nje lilikuwa chini ya dirisha, na dirisha halikuwa na kioo. Mzee akaniruhusu mimi nibaki, baada ya kukitazama kichwa changu na kusema aliyeninyoa alikuwa na basi la kuwahi.

Mama Ila akasoma. "Kwa jumla, afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya au mbaya sana?"

"Nzuri," mzee alijibu. Alikuwa bado anatweta kutoka kwenye ngazi.

"Katika wiki iliyopita, ugonjwa umekuzuia kufanya kazi zako?"

"Hapana. Kazi inaendelea vizuri."

Nje, mtu asiyeumwa kifua alikohoa.

Niliona kalamu ya Mama Ila imesimama hewani. Majibu mengine mawili ya namna hiyo na mzee angeshukuriwa, arudi nyumbani na pumzi yake ile ile. Nami nikaona tatizo la tafsiri ambalo nililipwa kulitafuta: waliotafsiri walikuwa wameweka "nzuri" palepale mwanzoni, kwenye swali linalofanana na salamu. Mzee hakuwa amedanganya. Alikuwa amesalimiwa, akaitikia kama mtu mwenye adabu.

Mama Ila akaiweka kalamu chini, akavua miwani.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekuvamia na maswali, hata shikamoo sijakupa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema, na mabega yake yakashuka.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wametawanyika, lakini hawajambo."

"Na wajukuu?"

"Wazima. Wanakula tu."

"Za kazi?"

"Nzuri."

Mama Ila alikunja mikono mapajani, akamtazama kwa uso wa mtu mwenye siku nzima. Feni ikachechemea. Mzee alitazama viatu vyake, akatazama dirisha, akashusha sauti.

"Nzuri. Ila vichwa anavimalizia mke wangu."

"Anavimalizia?"

"Naanza mimi. Nikifika sikioni pumzi inakata, nakaa. Mteja nusu kichwa kama mwezi mchanga, atatokaje? Basi yeye anachukua mashine ya kunyolea." Akafuta paji la uso. "Siku hizi wapo wanaofika na kumuulizia yeye."

"Kwa sababu mimi sikati watu masikio," dirisha lilisema.

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikachukua muda wake. Kilipoisha Mama Ila akampa maji, akavaa miwani.

"Sasa tumeshasalimiana," alisema. "Mwanzo nilikuvamia, kwa hiyo nitakusomea tena, yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Hii siyo salamu. Nijibu unavyoona mwenyewe." Akasoma kwa sauti ileile. "Kwa jumla, afya yako ni nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya au mbaya sana?"

Mzee alifikiri, akionja kila neno.

"Mbaya," alisema. Na kwa vile neno lilimtoka kavu, akaongeza, "Tunashukuru lakini."

Kazi ilikuwa imezuiwa. Ngazi zilikuwa adui. Usingizi aliupata akiwa amekaa. Alijibu moja baada ya moja, na kadiri alivyojibu uso wake ulizidi kuchangamka, kama mtu anayetua mizigo na kuihesabu kwa furaha. Mlango ulipofunguliwa mkewe alikuwa amesimama, mkoba kifuani.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua. Nimewaambia hali mbaya."

"Alhamdulillahi," mke alisema, na wote watatu tukamtazama, mpaka naye akacheka.

Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba swali la kwanza liondolewe pale mwanzoni, na salamu ziachwe ziishe. Daktari msimamizi alikubali bila ubishi. Asubuhi hiyo shavu lake lilikuwa limevimba, na nilipomuuliza hali aliniambia salama.

Nilirudi mji ule baada ya msimu mmoja wa mvua, nywele zikinisumbua. Utafiti haukuwa umeisha, na bado haikujulikana nani anavuta dawa mpya na nani anavuta ile ya kawaida. Lakini kwenye duka la kinyozi kulikuwa na viti viwili vya kunyolea, na mzee alininyoa mimi kichwa kizima, akipumzika mara moja tu, kwenye sikio, kwa kisingizio cha kubadilisha wembe. Kwenye kiti cha pili mkewe alikuwa na foleni.

"Habari za kazi, mzee?" niliuliza kwenye kioo.

"Nzuri," alisema.

Nikakunja mikono chini ya kitambaa, nikasubiri.

Akapangusa shingo yangu, akatazama foleni ile, akanipulizia nywele sikioni kwa pumzi ndefu kuliko ilivyohitajika.

"Ila huyu mwanamke," alisema, "kakataa kurudisha mashine."